Buku la kodi la wazee wetu



Wengi wetu tulivuka Ruzizi mikono mitupu. Mzee mmoja wa zoni yetu alivuka na kopo la maziwa, na ndani yake buku la utambulisho la marehemu baba yake, limefungwa katika nailoni. Miaka yote aliamini ni hati ya shamba. Tulipomsomea Kifaransa chake tukakuta si ya shamba, ni buku la mlipa kodi. Mzee alinyamaza. Halafu tukafika ukurasa wa kazi: baba yake alikuwa Kalima, kule Maniema, katika migodi ya bati. Nyumbani watoto waliambiwa tu kwamba amekwenda safari. Mzee akaomba tusome tena.

Kwa sababu hiyo Kamati imeona vema, katika toleo hili la ukumbusho, kueleza namna ya kusoma karatasi hizo.

Wabeleji walitoa sheria ya kodi ya kichwa mwaka 1910, na mwenye wake wengi aliongezewa. Mwaka 1917 kikaja kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikawa 120. Kwetu bondeni maana yake ilikuwa pamba. Basi ukiona mhuri wa kodi, jua nyuma yake kuna siku za kupalilia pamba huku muhogo wa nyumbani ukingoja jembe. Na aliyebaki na muhogo huo ni mama. Tazameni pia ukurasa wa kuhama: mtu hakutoka kwa shefu wake kukaa mbali bila ruhusa ya maandishi, kwa hiyo njia aliyopita babu inaweza kufuatwa mhuri kwa mhuri.

Tusiziamini kupita kiasi. Mwaka wa kuzaliwa mara nyingi ulikisiwa, na karani aliandika jina jinsi sikio lake lilivyolipokea. Kasoro kubwa ni kwamba Bulamatari alimhesabu mlipa kodi, yaani mwanaume. Bibi zetu watafutwe katika vitabu vya ubatizo. Mapadri Weupe walifika Kibanga, kando ya ziwa, mwaka 1883, na desturi ya parokia ni kuandika mtoto, baba, mama na msimamizi. Mara nyingine hapo tu ndipo jina la bibi limeandikwa.

Kwa nini tunayasema haya leo? Kijana mmoja aliyezaliwa hapa kambini aliulizwa katika mahojiano kijiji cha babu yake. Akataja zoni na namba ya nyumba yao. Hakusema uongo, ndiyo aliyoyajua. Na wazee wanaoweza kumjibu tunawazika kila mwaka.

Kamati imefungua daftari. Leteni buku, cheti cha ndoa, kadi ya ubatizo, hata kipande. Tunanakili mbele yenu na karatasi mnarudi nayo. Asiye na karatasi aje na majina anayoyakumbuka, akianzia upande wa mama.

Mzee wa kopo la maziwa hakosi. Sasa anaulizia kila anayetoka Maniema kama kwao kuna mtu aliyefanya kazi Kalima.