Injini ya Pili: Pikapu za Mbarara na Nakivale

Pikapu kuukuu yenye injini ya gari jingine hudharauliwa upesi. Mnunuzi akisikia kwamba injini si ile iliyotoka nayo kiwandani, hushusha bei na kumshuku muuzaji. Dharau hiyo inasahau historia. Kusini-magharibi mwa Uganda, kubadili injini kulizaliwa na uhaba, kukakomazwa na biashara huria, na leo ni ufundi kamili unaostahili kutambuliwa na serikali.

Uhaba huo una tarehe. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Sehemu kubwa ya uagizaji na biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwao, kwa hiyo ilikatika pia mikopo na uwakala uliokuwa ukileta spea kutoka ng'ambo. Fedha za kigeni zikaadimika, magendo yakashamiri, na vita vya 1978–79 na Tanzania, vilivyofika Mbarara kwenyewe, vikazidisha uharibifu. Gari lililokufa halikutupwa. Kila kilichosalia kizima kilihamia kwenye gari jingine. Fundi aliyezoea kuagiza kifaa kilekile cha kiwandani alilazimika sasa kupima kilichopo kinaweza kuingia wapi.

Lakini uhaba peke yake usingeukuza ufundi huu. Mwaka 1990 maduka binafsi ya kubadilisha fedha yalihalalishwa, na magari yaliyotumika ya Japani, yenye usukani kulia kama barabara zetu zinavyotaka, yakaanza kumiminika. Toyota Hilux, pikapu iliyoanza kuundwa 1968, ilikutana barabarani na Hiace za abiria, na zote mbili zilitumia ukoo mmoja wa injini za dizeli: 2L ya sentimita za ujazo 2,446, 3L ya 2,779 na baadaye 5L ya 2,986. Hiace iliyogongwa ikaweza kuirithisha Hilux injini yake bila ugomvi mkubwa. Kutoka petroli kwenda dizeli ni kazi nzito zaidi: vishikizo vya injini huchomelewa upya, betri yenye nguvu zaidi hutafutwa, njia ya mafuta na nyaya za hita plagi hupangwa upya. Faida yake ni kwamba dizeli huvuta kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole, na hilo ndilo linalotakiwa na mzigo unaopanda kilima cha murramu.

Nakivale inaonyesha kwa nini mvuto huo ulihitajika. Makazi hayo ya wakimbizi yaliwapokea kwanza Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959, kisha wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Leo yako wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Uganda huwagawia wakimbizi mashamba, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kusafiri. Watu wanaolima na kuuza wanahitaji chombo cha kupeleka magunia ya mahindi na maharage sokoni na kurudi na sabuni na mabati. Kwa mkulima mdogo lori limezidi mno, na bodaboda haitoshi. Pikapu ndiyo inayofaa, na mwenye mtaji mdogo huirudisha kazini kwa bei ya injini badala ya bei ya gari zima.

Wanaopinga wana hoja nzito. Injini kubwa huipa pikapu mwendo ambao breki zake hazikuundiwa. Injini iliyochoka hufuka moshi mweusi. Na injini isiyo na karatasi huenda imeibwa. Yote matatu ni kweli, lakini kinachostahili kulaumiwa hapo ni ukosefu wa ukaguzi. Breki hupimika, moshi hupimika, na namba ya injini mpya inaweza kuandikwa kwenye logbuku. Marufuku ingeisukuma kazi hii vichochoroni, ambako hapimwi yeyote. Tena tangu 2018 sheria inazuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Nia yake ni njema, lakini kadiri magari ya bei nafuu yanavyopungua bandarini, ndivyo yaliyomo nchini yatakavyotunzwa kwa muda mrefu zaidi, na injini za pili zitahitajika zaidi. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda imewahi kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Serikali iuweke ubadilishaji wa injini kuwa ujuzi unaojitegemea, wenye mtihani wa breki, mzigo na usajili, na mlango wake uwe wazi kwa fundi wa Nakivale sawa na yule wa Mbarara.