Jina la Ua na Kilima Chake: Hoja Kuhusu Jenetiki ya Mimea ya Shaba Lualaba

Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili uliitangaza spishi ya mmea Acalypha dikuluwensis kuwa imetoweka duniani. Jina lake linatokana na Dikuluwe, jirani na Kolwezi katika jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako machimbo ya wazi ya shaba yalimeza makazi yake. Hasara hiyo huhesabiwa kama spishi moja. Makala hii inadai kwamba hesabu hiyo ni pungufu: kipimo cha hasara Lualaba kiwe kilima, si jina la spishi peke yake.

Vilima vya shaba vimetawanyika kama visiwa katikati ya miombo, kutoka Kolwezi hadi Tenke, Fungurume na kuendelea upande wa Lubumbashi. Udongo wa kawaida huwa na miligramu makumi machache tu za shaba kwa kilo. Kwenye vilima hivi zinaweza kuzidi 10,000. Miti hushindwa, ikaachia nafasi nyasi na mimea midogo. Mbelgiji Paul Duvigneaud alieleza uoto huu mwaka 1958, na waliomfuata wameorodhesha spishi zipatazo 30 zisizoota ila kwenye udongo wa aina hii.

Orodha hiyo, hata hivyo, huficha mengi. Crepidorhopalon tenuis haimo ndani yake, maana huota kwenye shaba na pia kwenye udongo usio nayo. Mimea inayoitwa kwa jina moja huchujwa na sumu tofauti, na pale chavua isipovuka kutoka kilima hadi kilima, kila kundi hujijengea urithi wake wa jeni. Kilima kikichimbwa, jina hubaki kitabuni na sehemu ya urithi huo huondoka.

Kuna watakaojibu kwamba mbegu zikusanywe zote na kupandwa kwingine. Kuhamisha ni bora kuliko kuacha zifukiwe, lakini kuchanganya ni jambo jingine. Makundi yaliyotengana muda mrefu yakichavushana, machotara wanaweza kupoteza mpangilio wa jeni uliowawezesha wazazi kustahimili shaba. Wala uchotara si adui siku zote. Huko Marekani, alizeti Helianthus paradoxus ilizaliwa na H. annuus na H. petiolaris, ikaota kwenye vinamasi vya chumvi ambavyo wazazi wake hawaviwezi. Ila ubunifu huo ulihitaji wazazi wote wawili wawepo, pamoja na vizazi vingi vya kuchujwa na mazingira.

Kwa hiyo mbegu zihifadhiwe kwa jina la kilima zilikotoka, zisichanganywe kabla ya majaribio, na kila eneo la mgodi libakize kilima kisichoguswa. Tusidanganywe na kifusi kilichochanua. Haumaniastrum katangense hupenda udongo uliovurugwa, hata kandokando ya matanuri ya kale ya kuyeyushia shaba. Maua yake juu ya kifusi yanatuonyesha aliyezoea vurugu, si wale waliofukiwa chini yake.