Shaba, Maji Makali na Jiwe la Mrututu

Leo twataka kusimulia habari za shaba nyekundu, na jinsi inavyoshindana na yale maji makali yaitwayo asidi ya salfuriki, ambayo wenye magari huyaita maji ya betri.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, pande za Kilimatinde, ikaingia pori la Mgunda Mkali. Watemi wa Wagogo walitoza hongo, na pamoja na nguo na shanga walipewa nyaya nene ziitwazo masango. Nyaya nyingi zilitoka ng'ambo. Lakini Afrika nayo ilikuwa na shaba yake, na jirani zetu waliifuata mbali. Wafanya biashara wa Usumbwa, kaskazini-magharibi ya Tabora, walikwenda hata Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mmoja wao, Msiri, akajipatia ufalme huko, akakaa Bunkeya, hata alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Shaba ndiyo iliyomtajirisha, na shaba ndiyo iliyowaleta adui zake.

Mafundi wa Katanga walichagua mawe ya kijani yaliyojaa shaba, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakaimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Jiwe lenye shaba haba halikuwalipa taabu yao. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, nayo ilianza kwa moto, ikatoa shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911. Kisha mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, huko Likasi, kikaanza kazi kwa njia nyingine: mawe husagwa, hutiwa katika asidi, na shaba huyeyuka humo. Umeme ukipitishwa, shaba hujishika juu ya bamba, na asidi hurudi kuwa asidi, tayari kutumika tena.

Hapa mwanafunzi atauliza: je, asidi hula shaba? Tia msumari wa chuma katika asidi iliyozimuliwa, utaona mapovu ya haidrojeni yakipanda. Tia kipande cha shaba, nacho kitakaa kimya, kwa kuwa shaba haina nguvu ya kuifukuza haidrojeni. Jiwe la kijani huyeyuka kwa sababu shaba yake imekwisha kushikamana na oksijeni. Shaba tupu hukubali kwa asidi kali isiyozimuliwa, tena yenye moto. Hapo asidi huipa shaba oksijeni yake, ikatoka hewa yenye kukaba koo, yenye harufu ya kiberiti kinapowashwa. Jambo hili si la kujaribiwa nyumbani.

Kinachobaki, kikitiwa maji, huwa buluu, na maji yakikauka polepole huacha fuwele za buluu nzuri mno. Hiyo ndiyo mrututu, ambayo watu wa pwani waliijua tangu zamani, wakaitia juu ya vidonda. Mtu asidanganywe na uzuri wake: ikimezwa huunguza tumbo, hudhuru ini na figo.

Huko Ufaransa, katika wilaya ya Médoc, wakulima walinyunyizia mizabibu ya kando ya njia mrututu na chokaa, ili wapita njia waione michafu wasiibe zabibu. Mtaalamu Millardet akatambua kwamba mizabibu hiyo haikupukutika majani kwa ubwiri vinyoya, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo. Basi hila ya kuwazuia wezi ikawa kinga ya mashamba. Dawa za shaba zimetumika pia katika kahawa ya Kilimanjaro, kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Achanganyaye atumie pipa la mti au chungu, wala si ndoo ya chuma. Kwani chuma huitoa shaba katika maji na kuivaa kama koti jekundu, nayo dawa hupungua nguvu.

Kwetu Singida, penye mbuzi na kondoo wengi, maji ya mrututu hufaa kuogeshea kwato zilizooza. Lakini wanyama wanyweshwe kwanza ili wasiyanywe yale, na kondoo wasimamiwe zaidi, maana shaba kidogo isiyomdhuru mbuzi yaweza kumwua kondoo. Maji yaliyobaki yafukiwe mbali na kisima na lambo.