Tanga 1914 na Tabora 1916: Jemadari hujibu kwa nani?

Jeshi likishindwa, hutafutwa mtu wa kubeba lawama. Likishinda, hutafutwa mtu wa kuvishwa nishani. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika nchi ambayo leo ni Tanzania ilitoa mifano miwili: Meja Jenerali Arthur Aitken, aliyevunjiwa jina Tanga, na Jenerali Charles Tombeur, aliyejengewa jina Tabora. Katika makala hii tunaeleza yaliyowafika, na kwa nini hesabu hiyo iliwasahau wapagazi.

Nini kilitokea Tanga?

Mwanzoni mwa Novemba 1914, Aitken aliwasili Tanga na askari wapatao 8,000 kutoka India. Ulinzi wa Wajerumani, chini ya Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, ulikuwa na watu wapatao 1,000 tu. Kabla ya askari kushuka, manowari ya Kiingereza iliwapa Wajerumani taarifa kwamba makubaliano ya kutoshambulia mji huo yamekwisha. Lettow-Vorbeck akapata muda wa kuleta askari wake kwa reli kutoka Moshi.

Aitken hakutuma wapelelezi wa kutosha nchi kavu, na aliikataa ofa ya kusaidiwa na askari wa Keya, waliozijua nchi hizi. Askari wake wengi walikuwa wamechoka kwa majuma ya melini, na baadhi ya vikosi havikuwa na mafunzo ya kutosha. Pigano kubwa lilikuwa tarehe 4 Novemba. Kesho yake Waingereza walirudi melini, wakiacha bunduki za rashasha 16, mamia ya bunduki za kawaida na risasi laki kadhaa. Zaidi ya watu wao 800 walikuwa wameuawa, kujeruhiwa au kupotea.

Aitken aliwajibishwaje?

Aliitwa Uingereza, akashushwa cheo hadi kanali, akawekwa kando kwa nusu mshahara. Hakupewa tena jeshi la kuongoza. Habari za kushindwa kwenyewe zilifichwa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo wananchi wa Uingereza hawakuweza kuuliza maswali wakati adhabu ikitolewa.

Makosa yake yalikuwa dhahiri. Lakini si yeye aliyechagua vikosi visivyo tayari. Hivyo alikabidhiwa na wakubwa wa India na London. Suala la ile taarifa kwa adui nalo lilisukumwa na jeshi la majini. Baada ya vita, Aitken alidai haki yake na sehemu ya lawama ikaondolewa. Kazi yake ya uaskari, hata hivyo, ilikuwa imekwisha.

Na Tabora?

Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, chini ya Tombeur, yaliingia kupitia Rwanda na Ziwa Tanganyika. Yalipigana vikali Lulanguru na Itaga, karibu na Tabora, na tarehe 19 Septemba yakaingia mjini. Lakini Jenerali Kurt Wahle alikuwa amekwisha kuondoka na jeshi lake kuelekea kusini mashariki. Mji ulitekwa, adui akasalia, na mapigano yakaendelea hadi Novemba 1918. Hilo halikumharibia Tombeur sifa: baadaye alipewa ubaroni, na jina la Tabora likaunganishwa na lake.

Nani aliwajibika kwa wapagazi?

Kuanzia Lusu na Nzega hadi Tabora mjini, upagazi ulikuwa kazi ya heshima muda mrefu kabla ya vita. Wanyamwezi walikwenda pwani na misafara, wakipatana ujira wao, na waliweza kuitua mizigo wakidhulumiwa. Vita viliondoa mapatano hayo. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, barabara zilikuwa chache, na kila upande ukakamata watu kwa nguvu. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu.

Takwimu rasmi za Waingereza zinataja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa upande wao. Wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikaribia 100,000. Tanga, ambako Aitken alipotezea cheo, Waingereza waliouawa walikuwa takriban 360.

Hapo ndipo tunapoona upungufu wa uwajibikaji wa kijeshi wa wakati ule. Ulipima kama mji umetekwa na kama bunduki zimepotea. Chakula cha mpagazi, dawa yake na kurudi kwake nyumbani havikuwa katika mizani, na hakuna jenerali aliyevuliwa cheo kwa ajili yake. Kariakoo ya Dar es Salaam bado inabeba jina la kikosi cha wapagazi hao. Wengi hupita hapo kila siku kununua na kuuza. Jina hilo lilianza na watu waliobebeshwa vita vya wengine.