CD ya muziki haina mafaili: somo nililolipata Kakuma

Leo sitaandika kuhusu programu mpya. Nataka niwasimulie kosa nililofanya mwaka 2007, halafu tufuate historia yake, maana mizizi ya kosa lenyewe iko mwaka 1980, kabla wengi wetu hatujaiona kompyuta kwa macho.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Lodwar, mchana nikitengeneza kompyuta za watu na usiku nikijifundisha kuandika programu. Rafiki akaniunganisha na mama mmoja Mkongo katika kambi ya Kakuma. Alikuwa na CD ya kwaya yao, nyimbo 12, zilizorekodiwa hapo kambini mwaka 2003. Kompyuta iliyotumika kurekodi ilishakufa pamoja na diski yake. Nakala nyingine za CD ziliondoka na waimbaji waliohamishiwa Australia na Marekani, na zile zilizobaki zilikwaruzwa hadi hazilii. Mume wake, aliyeongoza wimbo wa saba, alikuwa amefariki.

"Iyi njo sauti yake yenye imebakia, mwanangu," akaniambia.

Yeye na watoto walikuwa wamepata nafasi ya kwenda ng'ambo. Vijana wa kwaya waliobaki nao walitaka nyimbo zile ziingizwe kwenye FL Studio (wao bado waliiita FruityLoops, ingawa jina lilibadilishwa mwaka 2003) ili waongeze ngoma na kinanda.

"Hiyo ni kazi ndogo, mama," nikamjibu. Nikaitia CD kwenye kompyuta ya duka moja pale kambini, nikaona Track01 hadi Track12, nikaziburuta zote hadi kwenye flash. Zikaingia kufumba na kufumbua. Hapo ningepaswa kushtuka. Lakini nilimrudishia CD yake, nikapanda gari la Lodwar, kilomita kama 120 kwa ile barabara ya zamani iliyojaa mashimo. Usiku nikafungua flash. Kila faili ilikuwa na baiti 44. Si kilobaiti, ni baiti 44! Hata ujumbe mfupi wa simu unabeba baiti 140.

Nilikuwa nimebeba majina ya nyimbo. Nyimbo zenyewe zilibaki Kakuma.

Sasa tuulize: kwa nini iwe hivyo?

Kampuni za Philips na Sony zilikubaliana kanuni za CD ya muziki mwaka 1980, katika hati inayojulikana kama Kitabu Chekundu, na CD zikaanza kuuzwa Japani mwaka 1982. Hakuna aliyekuwa akifikiria kompyuta ya nyumbani. Sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kwa spika ya kushoto na ya kulia. Piga hesabu: ni baiti 176,400 kwa sekunde, zaidi ya milioni 10 kwa dakika. Kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilijivunia diski ya megabaiti 10. Isingetosha hata wimbo mmoja!

Hata hiyo namba 44,100 haikutoka kwenye kompyuta. Siku hizo sauti ya kidijitali ilihifadhiwa kwenye kanda za video, vipimo vitatu kwa kila mstari wa picha. Mfumo wa video wa Marekani na Japani ulitoa mistari 245 ya kutumika mara 60 kwa sekunde. Ule wa Ulaya mistari 294 mara 50. Zidisha kila mmoja kwa tatu, yote miwili inatoa 44,100.

Kwa hiyo CD ya muziki ni mstari mmoja mrefu wa namba uliozungushwa kutoka katikati kwenda nje, na mwanzoni kuna orodha ya dakika ambapo kila wimbo unaanza. Haina mafaili wala mafolda. Yale mafaili ya .cda uliyoyaona kwenye Windows yanatungwa na Windows yenyewe ili upate kitu cha kubofya. Ndani yake mmeandikwa tu wimbo unaanzia wapi na una urefu gani.

CD za data zilikuja baadaye, nazo ziliongezewa ulinzi. Kila kipande cha CD kina baiti 2,352. Kwenye CD ya data, baiti 2,048 ndizo zako. Zilizobaki zinabeba anwani ya kipande na hesabu za ziada za kusahihisha makosa. Kwenye CD ya muziki baiti zote 2,352 ni sauti. Ukiiambia draivu ikupe kipande fulani cha wimbo, inaweza kukupa mwanzo uliosogea kidogo, na kesho ikakupa uliosogea tofauti. Ukiviunganisha vipande hivyo unasikia mikwaruzo.

Ndiyo maana miaka ya 1990 watu wengi hawakuinakili CD, waliirekodi. Waliofungua kompyuta za zamani wanaukumbuka ule waya mwembamba uliotoka nyuma ya draivu hadi kwenye kadi ya sauti. Unacheza CD, programu inarekodi kama kaseti. CD ya dakika 74 inakula dakika 74. Sasa fikiria kazi hiyo mahali ambapo umeme unatoka kwenye jenereta ya mfanyabiashara, nayo ikazimwa dakika ya 60.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuja programu za kulimaliza tatizo hili. Christopher Montgomery, yule yule wa Ogg Vorbis, aliandika cdparanoia kwa ajili ya Linux. Mjerumani Andre Wiethoff aliandika Exact Audio Copy kwa ajili ya Windows. Wazo lao ni la mtu asiyemwamini shahidi: soma kipande, kisome tena, linganisha majibu. Yakitofautiana, rudia mara nyingi zaidi.

Nikapakua Exact Audio Copy, nikaifunga kompyuta yangu kwa blanketi, nikarudi Kakuma nayo. Mama alikuwa amebakiza siku nne aondoke.

Nyimbo 11 zilitoka salama. Wimbo wa saba ukakataa. Programu ilionyesha sehemu tisa zenye shaka. Vijana wakashangaa, maana kwenye redio ya CD wimbo ule ule ulilia vizuri kabisa. Na hili ndilo jambo ninalotaka mlikumbuke kuliko yote. Mchezaji wa CD amefundishwa kuficha. Mkwaruzo wa hadi kama milimita mbili na nusu anaurekebisha kwa hesabu, unapata namba halisi. Ukizidi hapo, anakisia: anaangalia namba ya kabla na ya baada, anaweka ya katikati. Sikio halitambui. Unafikiri unamsikia mwimbaji, kumbe hapo unasikia makisio ya mashine. Kwa hiyo CD inaweza kuumwa kwa miaka bila wewe kujua, mpaka siku inapokata kabisa.

Tena hii ilikuwa CD ya kuchoma. Kwenye CD ya dukani alama zimegandamizwa kwenye plastiki. Kwenye ya kuchoma, alama ni rangi iliyounguzwa na leza, na rangi hiyo haipendi jua wala joto. Kuna mahali penye jua na joto kuliko Turkana?

Tulipangusa CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Tukapunguza kasi ya kusoma. Kisha tukaazima draivu nyingine, ya zamani, kwa sababu draivu mbili hazisomi CD mbovu kwa namna moja. Sehemu tisa zikawa nne, halafu moja. Hiyo moja, chini ya sekunde, haikukubali hadi jenereta ilipozimwa usiku. Kwa CD ya msanii maarufu ningelinganisha na matokeo ya watu wengine kupitia hifadhi ya AccurateRip. Kwa CD ya kwaya ya kambini, iliyobaki moja, ungelinganisha na nani?

Kijana mmoja alipendekeza tuweke ngoma juu ya pale palipoharibika. Mama akakataa. Ngoma wangeweka kwenye nakala yao, lakini yake ibaki kama ilivyo. Nikahifadhi nakala mbili, na pembeni nikaandika faili fupi la maelezo: wimbo wa saba, dakika fulani, sekunde fulani, hapa si hakika. Mama aliondoka na moja, vijana wakabaki na moja.

Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana wa Sudan waliotoka Ethiopia kwa miguu baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991. Tangu hapo imepokea Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na maelfu wamepita kwenda nchi nyingine. Muziki wao ulihifadhiwa kwenye kaseti, halafu CD za kuchoma, halafu flash na simu. Huku Lodwar nasi tuna CD za harusi, za edonga, za kwaya za parokia. Nyingi zina umri wa miaka 15 hadi 20 sasa, na kompyuta mpya hazina hata tundu la kuzitia.

Basi kama unayo moja, fanya hivi:

1. Tafuta draivu ya nje ya USB. Usiburute mafaili ya .cda.
2. Tumia Exact Audio Copy, au cdparanoia kama uko kwenye Linux. Hifadhi WAV, au FLAC ukitaka kupunguza ukubwa bila kupoteza kitu. MP3 itengeneze baadaye, kwa ajili ya simu.
3. Angalia ripoti. Sehemu yenye shaka iandike, usiifiche.
4. Ndipo ufungue Audacity au FL Studio na kuingiza WAV. Hakikisha mradi wako uko kwenye 44,100. Namba za CD zikichezwa kwa 48,000 bila kubadilishwa, wimbo unakimbia kwa karibu asilimia 9 na mzee anaimba kama kijana.
5. Usichanganye ngoma kwenye nakala ya asili.

Mimi flash yangu yenye yale mafaili 12 ya baiti 44 bado ninayo mezani. Kila nikiambiwa kazi fulani ni ndogo, naiangalia kwanza.

Haya, kazi njema.