Doom: gemu iliyoacha mlango wazi, wachezaji wakageuka mafundi

Wolfenstein 3D ilipotoka Marekani mwaka 1992, wachezaji hawakukawia kuifumua. Hakuna aliyewapa zana wala ruhusa. Waliingia wenyewe kwenye mafaili ya gemu, wakabadili picha na sauti, hata adui mkuu wa Kinazi akaondolewa na nafasi yake kupewa Barney, yule dainosaria wa zambarau wa kipindi cha watoto. Kampuni ya id Software ya Texas ingeweza kuwatisha kwa mawakili. John Carmack, mwandishi wa programu zake, yeye alifurahi.

Gemu ya baadaye ya kampuni hiyo, Doom, ilitoka Desemba 10, 1993 ikiwa imeandaliwa kwa ajili ya wachezaji hao. Injini inayoendesha mchezo ilikaa peke yake, na ramani, picha na sauti zikawekwa kwenye mafaili yaitwayo WAD. Mtu aliweza kutengeneza WAD yake, akaiambatisha, na gemu ikaisoma bila faili la asili kuguswa. Ndani ya kampuni wapo waliohofia kwamba wageni wangechuma kwa jasho lao, lakini Carmack na mwenzake John Romero wakashikilia msimamo.

Mapema mwaka 1994, programu ya kuhariri ramani iitwayo DEU, kazi ya Brendon Wyber na Raphaël Quinet, ilikuwa tayari ikisambaa. Chuo cha kufundisha ubunifu wa ramani hakikuwepo, hivyo kitabu cha kiada kikawa ramani za Doom zenyewe. Mwanafunzi alifungua ile ya kwanza, ya Romero, akakuta karibu na mwanzo dirisha linalotazama uani, na huko nje vazi la kinga la rangi ya buluu. Mchezaji analiona, analitamani, ila njia ya kulifikia imefichwa mbele zaidi. Hapo mwanafunzi alijifunza kwamba mtu huvutwa na anachokiona kabla hajakipata.

Wengine waliwahi kuwapita walimu wao. Mwaka huohuo, Justin Fisher alitoa Aliens TC, modi, yaani mabadiliko ya gemu yaliyofanywa na mchezaji, iliyoigeuza Doom nzima kuwa ulimwengu wa filamu ya Aliens. Hatua yake ya kwanza haina adui hata mmoja. Mchezaji anapita vyumba vitupu, silaha mkononi, akisubiri shambulio ambalo haliji.

Kampuni nayo ikaanza kuokota vipaji humo. Ndugu wawili, Dario na Milo Casali, walipewa kazi ya kutengeneza hatua 32 zilizouzwa mwaka 1996 ndani ya Final Doom. Kipimo chao cha ubora kilikuwa kikali: Dario alizicheza ramani kwa kiwango kigumu zaidi, na akishinda kirahisi, anaongeza ugumu. Mpaka leo mkusanyo huo, Plutonia, unawatoa jasho wazoefu.

Kipimo hicho kilikuwa na kasoro moja: fundi ndiye aliyekuwa hakimu, na fundi anajua kila adui amejificha wapi. Baadaye Dario alijiunga na kampuni ya Valve ya jimbo la Washington, na huko gemu ya Half-Life ilikuwa ikipimwa kwa njia nyingine. Mtu wa nje aliketishwa acheze ramani, na wabunifu wa ramani hiyo wakakaa kando na kalamu, midomo imefungwa. Mchezaji akipotea, apotee. Akipita mbele ya mlango bila kuuona, hakuna wa kumnong'oneza. Ken Birdwell wa Valve aliandika baadaye kwamba kikao cha saa mbili kiliweza kuzaa mambo kama 100 ya kushughulikia. Mabishano ya ofisini kuhusu nani ana wazo zuri yalipungua, maana jibu lilionekana kwenye skrini.

Half-Life ilitoka Novemba 1998 pamoja na programu ya kuhariri ramani, na mwaka uliofuata Minh Le na Jess Cliffe wakaanza kusambaza modi yao, Counter-Strike. Waliitoa ikiwa haijakamilika, toleo baada ya toleo, na maelfu ya wachezaji wakawa ndio wajaribu wake bila malipo. Silaha ikionekana ina nguvu kupita kiasi, toleo linalofuata linairekebisha. Mwaka 2000 Valve iliinunua na kuwachukua walioiunda.

Siku hizi zana zimekuwa rahisi mno. Msimbo wa Doom uliwekwa hadharani mwaka 1997, na programu za kuhariri ramani zake hupatikana bure. Lakini anayeanza leo bado anahitaji kile ambacho Valve ilikitafuta kwa makusudi: mtu asiyeijua ramani, aicheze mbele yake, na mwenye ramani anyamaze mpaka mchezaji amalize.