Wasifu au Mgawanyo wa Muda?

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya kompyuta ni jina la kazi ya kupima ni sehemu ipi ya programu inayokula muda mwingi inapotekelezwa. Wapo waandikao "wasifu wa programu", kwa kufuata Kiingereza, ambacho kilichukua neno la mchoro wa sura ya mtu aliyetazamwa upande. Historia ya kazi yenyewe haiungi mkono tafsiri hiyo.

Mwaka 1971 Donald Knuth wa Marekani alichapisha uchunguzi wa programu za lugha ya FORTRAN. Aliona kuwa kwa kawaida sehemu isiyofikia asilimia 4 ya programu ndiyo iliyotumia zaidi ya nusu ya muda wote. Aliyekisia tu, basi, aliweza kuhangaika na sehemu kubwa iliyobaki bila faida ya maana. Hapa nchini neno la kuitaja kazi hiyo halikuwa na haraka: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta.

Njia za kupima ni mbili, na miteremko ya Mlima Meru yatupa mfano. Huko wakulima wamezoea kugawana maji ya mfereji kwa zamu. Tuseme maji huingia shamba moja tu kwa wakati mmoja. Msimamizi aweza kumweka mtu penye kila mlango wa maji, ahesabu umefunguliwa mara ngapi; hesabu hiyo ni kamili, lakini haisemi kila zamu ilidumu kiasi gani. Au apite kila baada ya muda maalumu, aandike ni shamba lipi analolikuta likipokea maji. Shamba akutalo mara nyingi ndilo linywalo zaidi, ingawa zamu fupi huenda zikampita. Kompyuta nayo hukatizwa kila baada ya sehemu ndogo ya sekunde, na mahali ilipofikia katika programu huandikwa. Mwaka 1982 Graham, Kessler na McKusick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza chombo chao, gprof, kilichounganisha njia zote mbili na kuitwisha kila sehemu gharama ya kazi iliyoziagiza sehemu nyingine.

Wasifu hueleza, haupimi. Mwalimu wa Arusha akiandika neno hilo ubaoni, mwanafunzi atatarajia jina la mtungaji na madhumuni ya programu. Tunapendekeza "upimaji wa muda wa utekelezaji" kwa kazi, na "mgawanyo wa muda" kwa jedwali litokanalo nayo. "Mgao" tuliufikiria, maana ndilo neno la maji. Lakini mgao hupangwa kabla ya mlango kufunguliwa, na mgawanyo huonekana baadaye.